Deraya Nyeupe, Kazi ya Hisani: Historia ya Mashabiki wa Bunilizi ya Kisayansi Wanaojitolea

Desturi ya mashabiki wa bunilizi ya kisayansi kuvaa kama wahusika wa filamu na vitabu, kisha kuyatumia mavazi hayo katika kazi za hisani, ilianzia Marekani na sasa imeenea katika mabara mengi. Vazi ndilo lililotangulia. Huduma ilifuata baada ya karibu miaka 40. Katika kipindi hicho vazi lilikuwa la kujifurahisha tu, na lilionekana zaidi ndani ya kumbi za makongamano, mashabiki wakitazamana wao kwa wao.

Kongamano la kwanza la dunia la bunilizi ya kisayansi lilifanyika New York mwanzoni mwa Julai 1939. Forrest J Ackerman na Myrtle R. Douglas, waliosafiri kutoka Los Angeles, walihudhuria wakiwa wamevalia kama watu wa zama zijazo. Mavazi yao yalifuata filamu ya Things to Come ya mwaka 1936 na michoro ya Frank R. Paul, na aliyeyashona ni Douglas mwenyewe. Washiriki wengine walikuja na suti zao za kawaida. Hata hivyo, kongamano la mwaka uliofuata, lililofanyika Chicago, lilikuwa na shindano la mavazi, na tangu hapo shindano la aina hiyo likawa sehemu ya kawaida ya mikutano ya mashabiki.

Televisheni ndiyo iliyoongeza idadi ya watu hao. Mfululizo wa Star Trek ulirushwa Marekani kuanzia Septemba 1966 hadi 1969, na ulipokoma wapenzi wake hawakutawanyika. Januari 1972 walikusanyika katika hoteli moja ya New York. Waandaaji walitarajia mamia, wakaja zaidi ya 3,000. Mwaka 1974 chama cha STARFLEET kiliundwa Texas. Matawi yake yaliitwa meli, viongozi wake walipewa vyeo vya kijeshi, na wanachama walishona sare. Utaratibu huo ulijenga jambo ambalo shindano la mavazi halikuwa nalo: watu wanaojuana katika mji mmoja, wenye kiongozi na sare, wanaoweza kuitwa pamoja kwa shughuli fulani. Kwa vyama kama hivyo, huduma kwa jamii ilikuja kuwa kazi ya kawaida.

Aliyewafungulia mashabiki mlango wa hisani ni mwandishi Robert A. Heinlein. Alikuwa na damu ya kundi adimu, na alipougua sana mwaka 1970 alipona kwa damu ya wachangiaji asiowafahamu. Alipoalikwa kuwa mgeni rasmi wa kongamano la dunia la 1976 huko Kansas City, alisisitiza uchangiaji damu ufanyike hapohapo, na waliochangia walipewa nafasi ya mbele ya kupata saini yake. Mwaka uliofuata zoezi hilo likaanzishwa katika kongamano la katuni la San Diego, ambako linaendelea kila mwaka kwa jina la Heinlein. Tangu hapo, mtu aliyevaa kama mgeni kutoka sayari nyingine akiwa amelala kitandani na sindano mkononi si jambo la kushangaza katika mikutano hiyo.

Mei 1977 ilitoka filamu ya kwanza ya Star Wars ya George Lucas. Ndani yake walikuwamo askari wa dola katili, wanaoitwa stormtrooper, waliofunikwa deraya nyeupe kuanzia utosini hadi miguuni. Kwa miaka 20 iliyofuata mashabiki wachache walijitengenezea deraya hiyo, kila mmoja kivyake. Mwaka 1997 filamu za Star Wars ziliporudishwa kwenye kumbi za sinema, Albin Johnson wa Columbia, South Carolina, aliyekuwa amepoteza mguu kutokana na ajali ya gari, alikwenda kutazama akiwa ndani ya deraya. Alipokuwa peke yake, watu walimchukulia kama kichekesho. Alipoandamana na rafiki yake Tom Crews, wote wawili wakiwa wamevaa, mapokezi yalibadilika kabisa: askari wale wanatisha na kupendeza wakiwa kundi. Johnson akaweka picha zao kwenye intaneti, na wamiliki wa deraya kutoka miji mingine wakaanza kutuma zao. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Kikosi cha 501, ambacho kwa jina lake rasmi huitwa 501st Legion.

Kikosi kilijipanga kijeshi kwa mzaha uliofuatwa kwa makini. Kila mwanachama ana namba yake inayotanguliwa na herufi mbili zinazoonyesha aina ya vazi, na matawi ya kila eneo huitwa kambi. Wanachama wote huvaa kama wahusika waovu. Mwaka 2000 wapenzi wa upande wa pili waliunda chama dada, Rebel Legion, cha mashujaa wa uasi. Kaulimbiu ya Kikosi cha 501 inasema, kwa maana yake, kwamba hao ni watu wabaya watendao mema.

Kuvaa deraya yenyewe ni kazi. Huwa ni vipande vya plastiki ngumu vilivyoumbwa kwa joto, vinavyofungwa kwa mikanda na vifungo juu ya nguo nyeusi inayobana mwili. Aliyeivaa haoni miguu yake, kuketi ni shida, na joto ndani ya helmeti ni kali kiasi kwamba wengi hufunga feni ndogo karibu na masikio. Kwa sababu hiyo kila kundi linapotoka huwa na wasindikizaji waliovaa kawaida. Hao huwaongoza askari kwenye ngazi, huwapa maji, na huwatazama watoto wadogo wanaosimama mahali ambapo macho ya askari hayafiki. Katika ziara za hospitali msindikizaji ndiye anayemsoma mtoto kwanza: akionekana kuogopa, askari husimama mbali au hubaki mlangoni.

Shughuli hizo hazina malipo. Mwenyeji anayetaka kutoa chochote huombwa akitoe kwa shirika la hisani. Msimamo huo una upande wa utu na upande wa sheria. Wahusika wa Star Wars ni mali ya kampuni ya Lucasfilm, na kampuni hiyo imekuwa ikizilinda haki zake mahakamani. Ilimshtaki Andrew Ainsworth, fundi Mwingereza aliyetengeneza helmeti za filamu ya kwanza na baadaye akaanza kuuza nakala zake. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba helmeti hiyo si sanamu kwa maana ya sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo. Mashabiki wanaovaa bila kujipatia faida hawakuchukuliwa kama washindani. Kampuni iliwaachia, kisha ikawaalika kwenye shughuli zake yenyewe. Bila sharti la kutolipwa, ruhusa hiyo ingekuwa vigumu kupatikana.

Tukio lililoifanya hisani ya kikosi ijulikane zaidi lilitoka nyumbani kwa mwanzilishi wake. Binti wa Johnson aliugua saratani ya ubongo akiwa mdogo, akatamani roboti wa kumlinda usiku, kama roboti R2-D2 anavyomlinda mhusika Padmé katika filamu mojawapo ya Star Wars. Klabu ya watengenezaji wa roboti hao ilikubali kumtengenezea mmoja wa rangi ya waridi. Kwa kuwa ugonjwa ulikwenda haraka, aliletewa kwanza roboti wa kuazima aliyepakwa rangi hiyo. Mtoto alifariki Agosti 2005, na roboti wake, R2-KT, akakamilika mwaka uliofuata. Tangu hapo amezungushwa hospitalini na kwenye hafla za kuchangia watoto wagonjwa, na alionekana hata katika filamu za The Clone Wars ya 2008 na The Force Awakens ya 2015.

Wenye filamu na waandishi nao waliwatambua mashabiki. Timothy Zahn alikiingiza kikosi katika riwaya yake ya Survivor's Quest ya 2004, na namba 501 ikapewa jeshi linaloongozwa na Darth Vader, mhusika mwovu wa filamu hizo. Tarehe 1 Januari 2007 wanachama wapatao 200 kutoka nchi mbalimbali waliandamana katika gwaride la maua la Pasadena, California, ambalo kiongozi wake wa heshima mwaka huo alikuwa George Lucas.

Wengine wamechangisha fedha kwa miguu yao. Mwanachama mmoja wa Australia alitembea na deraya kutoka Perth hadi Sydney, safari ya takribani kilomita 5,000 iliyoanza 2011 na kumalizika 2012, kwa ajili ya shirika linalosaidia watoto wagonjwa. Mwenzake aliyetembea baadaye kuizunguka nchi hiyo kwa ajili ya hospitali ya watoto aligongwa na nyoka njiani, na meno yakazuiwa na plastiki ya mguuni.

Leo Kikosi cha 501 kina wanachama zaidi ya 10,000 katika nchi nyingi. Anayetaka kuingia sharti awe ametimiza miaka 18 na atume picha za vazi lake zikaguliwe kipande kwa kipande dhidi ya lile la kwenye filamu. Akikubaliwa halipi ada, na akivaa halipwi. Anachodaiwa ni kujitokeza walau mara moja kwa mwaka.