Uchunguzi wa makuzi ya kijamii na kihisia

Mwambie mzazi wa Babati mjini kwamba mwanawe anachunguzwa darasani, naye atawaza hospitali au polisi. Hata hivyo, uchunguzi ndilo neno ninalolichagua kwa kazi hii ya mwalimu wa elimu ya awali: kumtazama mtoto akiwa katika shughuli zake, kumsikiliza, kisha kuandika alichofanya, ili ijulikane anavyojifunza kuishi na wenzake na kumudu hasira, hofu na furaha yake. "Uangalizi" lina upole zaidi, lakini kwetu kumwangalia mtoto ni kumlinda asiumie, na mwangalizi hadaiwi daftari. Uchunguzi unadai ushahidi.

"Makuzi" nayo yanafaa kuliko "ukuaji", ambao umezoea kilo na sentimita za kliniki. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imelishika neno hilohilo.

Ugumu uko kwenye daftari. "Ni mpole" ni hukumu. "Amesimama pembeni akitazama wenzake wanaocheza duka, kisha amempelekea mmoja wao vifuniko vya soda" ni uchunguzi. Mildred Parten wa Marekani, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1932, alihesabu kutazama wenzako wakicheza kuwa namna mojawapo ya kushiriki. Kwa hiyo huyo wa pembeni hajakaa bure.

Babati inaongeza jambo ambalo orodha hakiki zilizochapwa haziliulizi. Kirangi na Kimbugwe ni ndugu wa Kiswahili, lugha za Kibantu. Kiiraqw na Kigorowa ni za Kikushi, Kibarbaig ni ya Kiniloti. Mtoto aliyelelewa kwa Kiiraqw kitupu anaweza kunyamaza darasani wiki nyingi, na mwalimu mwenye haraka akamwandika "hajiamini" au "hachangamani". Mfuate uwanjani akiwa na mwenzake wa lugha moja: huenda ndiye anayegawa zamu za kuruka kamba na kuamua ugomvi.

Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, na madarasa mengi yamekipita mbali. Hakuna atakayewaandika wote kila siku, na anayedai amewaandika nina shaka naye. Wateuliwe wachache kwa siku, na kila maelezo yabebe tarehe, mahali, waliokuwapo na lugha iliyokuwa ikisemwa.