Kabla ya Projekta Kuingia Begini: Kutoka Lori la Sinema Mpaka Ukuta wa Sebuleni Ilongero

Siku hizi kijana wa Ilongero anapanda gari asubuhi kwenda Singida mjini, jioni anarudi na projekta kwenye begi la mgongoni. Mwaka 1935 kitu hicho kilihitaji lori zima!

Ndiyo, lori. Mwaka huo ulianza mradi wa sinema, makao yake Vugiri, milima ya Usambara. Mpaka 1937 walikuwa wanatengeneza filamu za kilimo, afya na mambo kama hayo, kisha lori linazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za jirani. Lilibeba projekta na jenereta yake. Sauti ilitoka kwenye santuri, siyo kwenye filamu. Giza likiingia watu wanakaa chini, mambo yanaanza.

Uhuru ukaja, televisheni ikachelewa. Zanzibar walipata yao 1973, tena ya rangi. Bara walisubiri mpaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha. Mikanda ya video nayo ikaleta kibanda umiza: TV moja, deki moja, benchi za mbao, watu wamebanana jasho linawatoka. Akaongezeka na yule jamaa wa kutafsiri muvi, anayepiga stori mpaka unasahau sauti ya stelingi mwenyewe. Majina ya wenye vibanda wengi hayajaandikwa popote, ila mtaa mzima uliwajua.

Sasa angalia: lori, kibanda na projekta ya leo vyote vinadai vitu vitatu. Giza, sauti na umeme. Wanaopigwa dukani ni wale wanaosahau hivyo vitatu na kusoma namba kubwa tu kwenye boksi.

Ukiona "lumeni 9000" kwenye projekta ya bei ya kutupa, shtuka. Uliza lumeni za ANSI, hizo ndizo zinapimwa kwa utaratibu unaoeleweka. Zikiwa 200 au 300, muvi utaangalia usiku, mchana sahau. Halafu "inasapoti 1080p" maana yake inapokea tu video hiyo. Uliza picha yake halisi ni ngapi, maana nyingi za bei chee zinaishia 720p au chini ya hapo.

Kabla hujalipa, pima ukuta. Picha ya inchi 100 ina upana wa mita 2.2 hivi, na projekta nyingi zinataka kukaa karibu mita 3 nyuma. Chumba kidogo? Punguza picha. Iweke iangalie ukuta moja kwa moja, usiipindishe, rangi iwe nyeupe isiyong'aa. Spika ya ndani ni kelele tu, chomeka sabufa. Umeme ukiwa unapanda na kushuka, weka stabilaiza.

Na watoto wa jirani wakijaa mlangoni saa moja usiku, usiwafukuze. Enzi za lori ilikuwa hivyo hivyo.