Miezi Minne ya Uanachama

Desemba 2017 nilikuwa nyumbani Ikuti kwa likizo. Mvua za Rungwe zilikuwa zimeshika kasi, barabara ya kwenda Tukuyu tope tupu, na mtu hakuwa na pa kwenda. Mjomba akanichukua twende kibanda umiza kutazama Kombe la Challenge la CECAFA: Kilimanjaro Stars ya Tanzania Bara dhidi ya Zanzibar Heroes, huko Machakos, Kenya.

Zanzibar walishinda 2-1. Baada ya filimbi ya mwisho mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele aligeuka akauliza, "Sasa hapa tumefungwa na nani?" Kibanda kizima kikacheka. Mjomba akamjibu, "Tumefungwa na sisi wenyewe, mzee wangu." Na mimi nilicheka.

Sasa nasoma shahada ya uzamili katika historia, na swali la yule mzee limenirudia mara nyingi kuliko maswali mengi ya darasani.

Mtoto wa Rungwe hana sababu ya kulifikiria swali hilo. Sisi tumelelewa na simulizi za Tukuyu Stars, Banyambala, waliopanda daraja na mwaka 1986 wakatwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Wazee wa kwetu wakilisimulia jambo hilo utadhani lilitokea juzi. Mimi nililisikia kama hadithi ya ushujaa. Leo naliona pia kama hadithi ya ngazi. Timu ya mji mdogo wa chai na ndizi iliweza kuanzia wilayani, ikapita mkoani, ikafika taifa, kwa sababu kila kipawa cha ngazi kilikuwepo. Juu ya taifa kulikuwa na Afrika, na juu ya Afrika dunia. Hakuna aliyemuuliza Mnyakyusa kama Tukuyu ni nchi.

Zanzibar wameulizwa swali hilo miaka yote.

Timu yao ni ya zamani kuliko Muungano. Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni, lilianza mwaka 1926 likiwa shindano la Kenya na Uganda. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na kabla ya miaka ya 1950 Zanzibar nao walikuwamo, wakicheza kwa jina lao. Kombe hilo ndilo lililokuja kuwa Challenge. Kwa hiyo Aprili 1964 nchi mbili zilipoungana, tayari zilikuwa na timu mbili zilizozoea kufungana.

Muungano haukuziunganisha timu hizo. Katiba ya mwaka 1977 ina orodha ya mambo ya Muungano, na michezo haimo. Mambo ya nje yamo. Hapo ndipo fundo lilipo: ndani ya nchi, soka ya Zanzibar ni ya Wazanzibari wenyewe, lakini ukivuka mpaka, dunia inaiona Tanzania moja. FIFA inaitambua TFF peke yake. CECAFA, kwa kuwa ni ya majirani wanaojuana, iliwapokea Zanzibar kama walivyo, na mwaka 1995 walitwaa kombe lake nchini Uganda.

Chama chao kiliitwa ZFA, siku hizi ZFF. Kinaendesha ligi ya Unguja na Pemba, na chini yake kuna mpangilio ambao sisi wa bara tungefaa kuuonea wivu: madaraja ya watoto na vijana yanayoitwa Junior, Juvenile na Central, ambamo mtoto anahama kutoka daraja moja hadi jingine kadiri umri unavyosogea. Timu hizo ni za mitaa. Kocha mara nyingi ni jirani, na mama wa mtoto anajua mechi ni saa ngapi. Wanawake nao wamepigania nafasi yao. Filamu ya Zanzibar Soccer Queens ya mwaka 2007 iliwaonyesha wachezaji wa Women Fighters wakicheza mpira katika jamii ambayo wengi waliona si mchezo wa mwanamke.

Hayo yote yanafanyika kwa mfuko mdogo. Shirikisho lililo mwanachama wa FIFA linaweza kupata hadi dola milioni 8 za maendeleo katika kipindi cha 2023 hadi 2026. Asiye mwanachama hana fungu lake. Hata hivyo nadhani fedha si hasara kubwa zaidi. Hasara kubwa ni kwamba mtoto wa Junior anapanda ngazi ambayo haifiki darini.

Tarehe 16 Machi 2017, mjini Addis Ababa, ilionekana kama itafika. Mkutano mkuu wa CAF, uleule uliomwondoa Issa Hayatou madarakani na kumweka Ahmad Ahmad, uliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55. Maana yake ilikuwa kubwa: Zanzibar Heroes wangeweza kuwania Kombe la Mataifa ya Afrika kwa jina lao. Tarehe 21 Julai, mjini Rabat, CAF ikaufuta uanachama huo. Hoja ilikuwa kwamba nchi moja haiwezi kuwa na mashirikisho mawili. Furaha ilidumu miezi minne na siku chache.

Hoja hiyo si ya kipuuzi. Milango ikifunguliwa kwa kila kisiwa chenye bendera, itafungwa wapi? Lakini historia ya mpira haijanyooka hivyo. Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark na vyenye watu wachache kuliko wilaya yetu ya Rungwe, vimo FIFA tangu mwaka 1988. Gibraltar, ambayo ni ya Uingereza, iliingia mwaka 2016 baada ya kwenda mahakamani. Zanzibar ina watu zaidi ya milioni 1.8.

Mfano unaouma zaidi uko jirani. Komoro, bahari ileile, majahazi yaleyale, undugu uleule, ilipata uhuru mwaka 1975 na kuingia FIFA mwaka 2005. Januari 2022, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, iliifunga Ghana 3-2 na kuvuka makundi. Ilipokutana na wenyeji Cameroon haikuwa na golikipa hata mmoja aliyeweza kucheza, ikamweka golini beki Chaker Alhadhur, na bado ikafungwa 2-1 tu. Afrika nzima ikawajua Wakomoro. Ili ujulikane hivyo, lazima kwanza uwe na ruhusa ya kuingia uwanjani.

Zanzibar walikuwa na Machakos. Miezi mitano baada ya Rabat, kikosi cha kocha Hemed Suleiman "Morocco" kiliifunga Bara, kikaifunga Uganda kwenye nusu fainali, na tarehe 17 Desemba kikakutana na wenyeji Kenya. Mara mbili Kenya walitangulia, mara mbili Khamis Makame akasawazisha. Ikawa 2-2, na Kenya wakashinda kwa penalti. Hiyo fainali niliitazama palepale kibandani, na safari hii Ikuti nzima ilikuwa Zanzibar. Tulisema "wetu". Siku kumi tu zilikuwa zimepita.

Nalifikiria sana neno hilo. Ni letu pale wanapopanda ngazi yetu. Nadir Haroub "Cannavaro" alikuwa nahodha wa Taifa Stars. Feisal Salum "Fei Toto" anashangiliwa na watu ambao hawajawahi kuvuka bahari. Hemed Suleiman mwenyewe alikuja kuifundisha Taifa Stars. Agosti 2025 uwanja wa Amaan ulipokea mechi za CHAN: Senegal, Kongo, Sudan na Nigeria walicheza pale. Wenye uwanja walikuwa jukwaani.

Hivi karibuni nilimpigia mjomba simu nikamweleza ninachoandika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe siku ile yule mzee hakuwa anatania." Akaniuliza kama watoto wa huko bado wanacheza hayo madaraja yao. Nikamwambia wanacheza, mjomba. Jioni, kila mtaa.