Kibao na Kishindo: Slapstick kwa Kiswahili

Buldogi mmoja anamwonea paka mchanga mweupe, na anaifurahia kazi hiyo. Anatokea paka mweusi mwenye kofia, anampa yule mdogo filimbi: ukibanwa, puliza. Kuanzia hapo, kila filimbi inapolia paka mweusi anakatiza mbele ya buldogi, na papo hapo kitu kinamshukia buldogi utosini. Kwanza ni chungu cha maua. Mwishoni buldogi ameimeza filimbi, ana kwikwi, na kila kwikwi inailiza. Basi zinamporomokea sinki, beseni la kuogea, mtambo wa kushindilia barabara, ndege, hata meli. Hakuna anayeeleza meli imetoka wapi, na mtazamaji hana haja ya kuuliza. Hiyo ni Bad Luck Blackie, katuni fupi ya mwaka 1949 aliyoiongoza Tex Avery katika studio ya MGM, na kwangu ni mfano safi kuliko yote wa mtindo ambao Waingereza na Wamarekani huuita slapstick.

Kwa Kiswahili tunauitaje? Anayeandika kuhusu filamu akifika hapo hukwama. Wengine huandika “ucheshi wa kimwili”, wengine “vituko”, wengine huliacha neno la Kiingereza lilivyo. “Ucheshi wa kimwili” ndiyo tafsiri iliyo mbali zaidi na lengo. Kwanza imebeba mengi mno: anayekunja uso anachekesha kwa mwili, anayecheza ngoma kwa madaha ya kuchekesha vilevile, wala hakuna aliyepigwa. Pili, Kiswahili cha leo kimekwisha kulipeleka neno “kimwili” kwingine. Ukisikia watu wamekutana kimwili unajua kinachozungumzwa. “Vituko” navyo vinachukua maneno, tabia, hata kashfa za watu mashuhuri. Ni neno zuri kwa kazi yake, lakini halitusaidii kumtofautisha anayechekesha kwa ulimi na anayechekesha kwa kuanguka.

Turudi kwenye asili ya jina. Katika Italia ya karne ya 16 kulikuwa na vikundi vya waigizaji waliovaa vinyago na kuigiza viwanjani bila kukariri maandishi, sanaa iliyokuja kuitwa commedia dell'arte. Mmoja wa wahusika wake maarufu ni Arlecchino, mtumishi mwenye njaa, mjanja na mwepesi wa viungo, ambaye kiunoni alichomeka fimbo ya aina yake. Fimbo hiyo ni mbao mbili nyembamba zilizounganishwa kwenye mpini na kuachwa na mwanya mdogo kati yake. Ukimchapa nayo mtu mgongoni, mbao hugongana zenyewe kwa zenyewe na kutoa mlio mkali unaofika hadi kwa aliyesimama nyuma kabisa ya umati. Aliyechapwa haumii. Anaweza kuchapwa jioni nzima na kesho akarudi jukwaani mzima. Hiyo fimbo ndiyo Waingereza waliyoiita slapstick, yaani ubao wa kuzabia makofi, na jina la chombo likahamia kwenye sanaa yote.

Hapa Kiswahili kina bahati ambayo sijaona ikitumiwa. Tunalo neno moja lenye maana zote mbili zilizounganishwa na Kiingereza: kibao. Kibao ni ubao mdogo, na kibao ni kofi; mtu huzabwa kibao. Kwa chombo cha Arlecchino sioni haja ya kutafuta zaidi. Kiitwe kibao, na msomaji ataona mbao na kusikia kofi kwa pamoja.

Je, sanaa yenyewe nayo tuiite “kichekesho cha kibao”? Nimelipenda jina hilo, lakini naliona litatusumbua. Ukisema “vichekesho vya kibao”, msikilizaji atasikia “vichekesho kibao”, yaani vingi. Na msanii akitoa kibao kipya, ametoa wimbo. Ipo pia sababu nzito zaidi, nayo inatoka kwenye historia ya sanaa hii: kibao kilipotea, kilichobaki ni mlio wake.

Kilipotea hivi. Mwaka 1912 Mack Sennett alianzisha studio ya Keystone huko California, na humo polisi walianguka kutoka kwenye magari, keki zikarushwa usoni, na Charlie Chaplin akaanza kuonekana mwaka 1914. Filamu zilikuwa bubu. Kofi la kwenye skrini halikuwa na mlio, isipokuwa pale mpiga ngoma wa ukumbi alipolisindikiza kwa ngoma na matoazi yake. Ilibidi mwili ufanye kazi iliyokuwa ya kibao: uruke juu zaidi, uanguke kwa madoido zaidi, uonyeshe kwa macho kile ambacho sikio halikupata. Kisha sauti ikaja. Steamboat Willie ya Walt Disney, mwaka 1928, iliweka muziki na milio sambamba na kila tendo la mchoro, na katuni zikawa mahali ambapo mlio wa Arlecchino ulirudi ukiwa na nguvu ambazo hakuwahi kuziota.

Katuni hizo zilikuwa za dakika saba hivi, zikionyeshwa sinema kabla ya filamu kubwa. Katika dakika saba hizo sauti ilitengenezwa kwa uangalifu wa sonara. Studio ya Warner Bros. ilikuwa na Treg Brown, mtu wa milio, aliyejua kuweka chini ya picha mlio usiotarajiwa ukaonekana ndio wenyewe. Kwenye Tom and Jerry, iliyoanzishwa na William Hanna na Joseph Barbera mwaka 1940, lile yowe la Tom anapobanwa mkia ni sauti ya Hanna mwenyewe. Naye Scott Bradley aliandika muziki uliofuata kila hatua, kila mtelezo, kila kuinuka.

Tazama pigo moja la kikaango kwa ukaribu. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Kabla ya pigo, kikaango hurudi nyuma, jicho lijiandae. Safari ya kikaango kwenda usoni huchukua fremu chache mno, pengine hata haionekani. Kisha uso wa paka unakuwa bapa, umechukua umbo la kikaango, na unabaki hivyo kitambo kidogo ili kicheko kipate nafasi. Halafu anatikisa kichwa na uso unarudi. Mlio ukichelewa kwa fremu chache tu, hakuna anayecheka.

Mwongozaji wa katuni Chuck Jones alikwenda mbali zaidi, akacheza na kuchelewa kwenyewe. Tangu Fast and Furry-ous ya mwaka 1949, mbweha wake Wile E. Coyote anamfukuza ndege Road Runner hadi nje ya ukingo wa genge, anaendelea kukimbia hewani, anatazama chini, anatutazama sisi, ndipo anaanguka. Tunamwona kutoka juu akiwa mdogo, mdogo, nukta. Kimya. Kisha kivumbi kidogo huko bondeni, na mlio hafifu wa mbali. Jones aliuhesabu muda huo kwa fremu, na katika ule utulivu kabla ya mlio ndipo ninapoona ustadi wake mkubwa kuliko wote. Picha inayofuata, mbweha ni mzima, ana mpango mwingine.

Kwa hiyo jina ninalolipendekeza ni kichekesho cha kishindo. Kishindo ni mlio wa kitu kizito kilichogonga. Neno hilo halisemi kama kuna aliyeumia. Ndivyo kilivyokuwa kibao, na ndivyo ilivyo meli inayomshukia buldogi. Watu wamezoea kusema “ushindi wa kishindo” bila kufikiri kwamba kuna kitu kilichoanguka, na hilo halidhuru. Linaonyesha tu kwamba neno li hai midomoni.

Jina hili pia linatuunganisha na hazina yetu ya tanakali za sauti. Mzungumzaji wa Kiswahili haanguki tu: anaanguka pu, mchangani tifu, majini chubwi, matopeni tapwi. Anaanguka chali au kifudifudi. Mtu anayesimulia katuni kwa Kiswahili ana Treg Brown wake mdomoni, na ningependa wanaotafsiri na kuhadithia katuni kwa watoto wazitumie kwa wingi badala ya kung'ang'ania “alianguka vibaya”.

Mpaka wa istilahi uwekwe wazi. Video za simu zinazoonyesha mtu halisi akiteleza na kuvunjika mkono haziingii humu, hata zikichekesha baadhi ya watu. Pale jeraha linapobaki, hicho si kichekesho cha kishindo, kwa sababu mbao hazikugongana zenyewe. Limegongwa fupa la mtu. Mchekeshaji marehemu King Majuto alipojibwaga chini kwenye filamu zake, tulicheka tukijua atainuka, na hapo jina linamfaa kabisa: mchekeshaji wa kishindo. Wingi wake ni vichekesho vya kishindo. Chombo kibaki kibao, nacho bado kipo kazini: hata leo katika okestra, Konseti ya Piano katika G ya Ravel huanza kwa mlio wa mbao mbili zikipigwa pamoja, mara moja, pa!