Glaida kuukuu hununuliwa na historia yake

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, mniwie radhi. Nilikuwa natafuta glaida ya kununua.

Kwa wasioijua, glaida ni ndege isiyo na injini. Huvutwa juu kwa winchi au kwa ndege nyingine, kisha rubani hutafuta hewa ya joto inayopanda, kama tai wanavyozunguka kando ya Mlima Elgon bila kupiga mbawa. Hapa Kenya mchezo huu unajulikana zaidi Mweiga, karibu na Nyeri. Mimi nina saa 30 tu angani, na mfuko wangu unatosha cha mitumba.

Kama mtunga programu yeyote, nilianza na hesabu. Ninakaa Kitale, nyumbani ni Bungoma. Mstari ulionyooka ni kama kilomita 70. Kitale iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Bungoma kama 1,400. Glaida inayosonga mita 28 kwa kila mita 1 inayoshuka inahitaji kuanza safari ikiwa zaidi ya mita 2,000 juu ya Kitale. Ile ya 40 kwa 1 inahitaji 1,300 tu. Hapo sijahesabu upepo wa mbele wala akiba ya kutulia. Nikaamua: lazima ya 40!

Mjomba wangu wa Bungoma, fundi wa matrekta tangu ujana wake, alinisikiliza hadi mwisho. "Mpwa wangu," akasema, "usiulize lina nguvu ngapi. Uliza limelima wapi."

Basi nikarudi kwenye historia.

Mjerumani Otto Lilienthal alianza kuruka mwaka 1891, na baadaye akawa anauza nakala za glaida yake. Mmoja wa wanunuzi alikuwa Mwingereza Percy Pilcher. Lilienthal alipoteza udhibiti hewani akaanguka na kufa mwaka 1896. Pilcher alikufa mwaka 1899, baada ya kipande cha mkia wa glaida yake, Hawk, kuvunjika angani. Tazameni tofauti: hatari ya kwanza tunafundishwa na mwalimu wa urubani. Ya pili inakuja na chombo chenyewe.

Baada ya Mkataba wa Versailles wa 1919 kubana ndege zenye injini Ujerumani, vijana walihamia kwenye glaida. Mwaka 1931 ikaja Grunau Baby, ya mbao, kitambaa na gundi. Mwaka 1957 ikaja Ka 8, yenye bodi ya mabomba ya chuma na mabawa ya mbao, pole kwa wanaoanza. Mwaka huo huo Phönix ikaruka ikiwa ya faibaglasi. Kila kizazi na ugonjwa wake: gundi ya zamani huharibiwa na unyevu, chuma hushika kutu, na chini ya rangi nzuri ya faibaglasi kunaweza kujificha matengenezo mabaya.

Lakini somo kubwa ni la Blaník L-13, ile ya 28 kwa 1. Ilianza kuruka Chekoslovakia mwaka 1956, mwili wake wa alumini, na zaidi ya 2,000 zilitengenezwa. Wanafunzi wengi duniani walijifunzia humo. Kisha Juni 2010, kule Austria, bawa la moja lilikatika angani na watu wawili wakafa. Chanzo kilikuwa uchovu wa chuma: nyufa ndogo katika mhimili wa bawa, zilizokua taratibu kwa miaka. Glaida za aina hiyo zikasimamishwa, na baadhi zilirudi angani baada ya kufanyiwa marekebisho.

Chuma hakihesabu saa tu, kinahesabu mizigo. Saa moja ya sarakasi za angani si sawa na saa moja ya kuelea kwa utulivu. Ndiyo maana daftari la chombo lina thamani kuliko rangi.

Niliipata ya 40 kwa 1 ng'ambo, inang'aa, kwa bei yangu. Nikaomba picha za daftari. Kurasa za miaka sita hazikuwepo. "Zilipotea tulipohama," muuzaji akaniandikia. Huenda ni kweli. Lakini nimewahi kurithi programu isiyo na kumbukumbu za mabadiliko, na najua ilivyonilaza macho. Programu ikianguka, ninaiwasha upya. Bawa haliwashwi upya. Nikamshukuru, nikaacha.

Sasa nafuatilia Ka 8 moja yenye daftari kamili tangu siku ya kwanza, na mkaguzi atakayeiangalia nimemtafuta mwenyewe, si wa muuzaji. Haitanifikisha Bungoma kwa urahisi. Si kitu, matatu zipo.

Tuonane wiki ijayo.