Sikio Kwanza, Gredi Baadaye: Kuchagua Mtaala wa Lugha kwa Watoto Wanaosomea Nyumbani Kainuk

Kainuk ni mji wa kwanza wa Turkana kwa msafiri anayepanda kutoka Kitale kwenda Lodwar, na jirani zake wa karibu ni Wapokot. Huko, mtoto kusomea nyumbani mara nyingi si uamuzi wa mzazi. Shule zote za Kenya zilifungwa kuanzia Machi 2020 na nyingi hazikufunguka kikamilifu hadi Januari 2021. Februari 2023 serikali iliitangaza Turkana kuwa miongoni mwa kaunti sita zenye machafuko, ikaweka kafyu. Tena ukame ukizidi, familia huhama na mifugo bila kungoja muhula uishe. Katika hali kama hizo mama, dada mkubwa au mwalimu wa shule ya kuhamahama hujikuta na watoto wanne wa gredi nne mbele yake, na saa moja tu kabla ya mbuzi kutoka. Swali lake ni la kimtaala: awafundishe lugha gani, kwa kitabu kipi? Nashikilia kwamba asiwagawe kwa gredi. Aanze na masimulizi ya pamoja ya Ng'aturkana, kisha kila mtoto apewe kazi ya kusoma na kuandika inayolingana na hatua aliyofikia, na Kiswahili na Kiingereza vijengwe juu ya hapo.

Sera haipingani na msimamo huu. Kamati ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia madarasa ya mwanzo, na Mtaala wa Umilisi umeendeleza wazo hilo hadi gredi ya 3. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka dola ikuze lugha za asili. Tatizo liko kwenye vitabu. Mpango wa Tusome, uliosambazwa nchini kuanzia 2015, ulileta vitabu vya Kiingereza na Kiswahili. Basi kitabu kilichopo ndicho kinachoamua lugha, na sera inabaki kwenye karatasi. Isitoshe, vitabu hivyo viliandikwa kwa darasa la watoto wa gredi moja. Nyumbani, ukivifuata, unafundisha masomo manne kwa zamu, na watatu kati ya wanne wanakaa bure kila wakati.

Tazama jambo dogo la tahajia. Maji kwa Ng'aturkana ni ngakipi, na herufi mbili za mwanzo hutamkwa kwa king'ong'o kitupu, kama mwanzo wa neno ng'ombe. Lakini katika Kiswahili ng bila ritifaa ni sauti nyingine, ile ya ngamia. Mtoto aliyezoea ngakipi akikutana na ngamia atasoma ng'amia, na asiyejua chanzo cha kosa atamwona mzito wa kuelewa. Mtoto huyo hajakosea. Ameitumia kanuni anayoijua. Akionyeshwa maneno hayo mawili bega kwa bega, somo la dakika tano linamwondolea kosa la miaka. Au chukua mbuzi: akine mmoja, ngakinei wengi. Mturkana huonyesha wingi kwenye nomino yenyewe, ilhali katika Kiswahili mbuzi habadiliki, kitenzi ndicho kinachosema: mbuzi anakunywa, mbuzi wanakunywa. Kisa kimoja cha kunywesha mbuzi kwenye kisima cha mchanga kinawatosha wote. Mdogo anakisimulia upya, anayemfuata anatafuta maneno yanayoanza na nga-, wa tatu anaandika sentensi tatu, na mkubwa anakigeuza kwa Kiswahili na kueleza upatanisho wa kisarufi umehamia wapi. Hapa tofauti ya umri inakuwa mtaji, kwani anayemweleza mdogo wake analazimika kulielewa jambo lenyewe.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye utafiti wa Kenya yenyewe. Benjamin Piper na wenzake waliojaribu kufundisha kusoma kwa Kikamba na Kibukusu walichapisha 2016 kwamba watoto walisoma vizuri zaidi lugha zao. Uchambuzi uliofuata haukuonyesha kwamba faida hiyo iliwainua katika Kiingereza na Kiswahili kuliko wenzao wa mradi huohuo wasiofundishwa kwa lugha ya mama. Silipuuzi. Ila jaribio hilo lilikuwa fupi. Lile la Ife, Nigeria, lililoanza 1970, liliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza kikifundishwa vizuri kama somo, na hawakubaki nyuma katika Kiingereza. Ninachojifunza kwa yote mawili ni kwamba ujuzi hauvuki lugha wenyewe, huvushwa. Ndiyo maana ulinganisho wa ngakipi na ngamia si pambo la somo, ni daraja lake.

Wapo pia wanaohofia mtihani wa KPSEA wa gredi ya 6, ambao hauulizi Ng'aturkana. Hofu hiyo ni halali kwa mtoto mkubwa, naye aongezewe muda wa Kiswahili na Kiingereza kila siku. Haimhusu wa gredi ya 1. Wengine wanasema kutanguliza lugha ya mama kutazidi kuwatenga Waturkana na Wapokot. Lakini Kiswahili cha sokoni na barabarani tayari kinawakutanisha Kainuk, na mtoto anayekifikia akiwa anasoma kwa kuelewa atakitumia kwa mapana zaidi kuliko aliyekariri silabi. Familia yenye mzazi Mpokot na mzazi Mturkana, kwa maoni yangu, ianze na lugha ambayo watoto wenyewe huchezea.

Gharama inabaki, nayo si ya mzazi peke yake. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala na serikali ya kaunti zichapishe visomo vifupi vya Ng'aturkana na vya Kipokot vilivyopangwa kwa hatua, vyepesi vya kubebwa mgongoni mwa punda, na kila kimoja kiwe na ukurasa wa kulinganisha na Kiswahili. Hadi vitakapofika, daftari moja ambalo watoto wote wa nyumba wanaandikia kisa kimoja linafaa kuliko vitabu vinne vya gredi nne.