Fahali Amwangusha Mbwamwitu: Dinari za Roma Vitani

Dinari ilizaliwa vitani. Mnamo mwaka 211 KK, Roma ikiwa bado inapambana na jemadari Hannibal wa Karthago, ilianza kufua sarafu mpya ya fedha yenye uzito wa gramu 4.5 hivi. Upande mmoja uliwekwa kichwa cha Roma, mungu wa kike mwenye kofia ya chuma. Upande wa pili mapacha Castor na Pollux wakikimbiza farasi, mikuki mbele. Jina la sarafu hiyo lilipita kwa Wagiriki na Waarabu hadi likatufikia sisi, nasi tunalitamka bila kukumbuka vita vyake.

Wengi waliolipwa kwa dinari walikuwa askari. Kwa hiyo aliyechagua picha alijua itatazamwa na nani.

Kwangu mimi, hakuna dinari kali kuliko zile za waasi wa Italia. Hao walikuwa washirika wa Roma, waliomwaga damu kwa ajili yake kwa vizazi, wakanyimwa uraia. Mwaka 91 KK uvumilivu uliwaishia. Walijiwekea mji mkuu Corfinium, wakafua dinari zao wenyewe, wakifuata kipimo kilekile cha Roma. Katika mojawapo, fahali amemwangusha mbwamwitu, amemkanyaga, pembe zinamwingia. Mbwamwitu ni Roma, kwa kuwa ndiye aliyewanyonyesha Romulus na Remus. Fahali ni Italia. Sarafu nyingine za waasi zina jina la nchi yao, Víteliú, kwa maandishi ya Kioski yanayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Katika hizo walikataa hata hati ya mtawala. Vita walishindwa, lakini uraia waliupata: Roma ilianza kuutoa kwa sheria mwaka 90 KK, mapigano yakiendelea.

Miongo michache baadaye Warumi waligeuziana silaha wao kwa wao. Mwaka 44 KK sura ya Julius Caesar iliwekwa kwenye sarafu za Roma akiwa hai, jambo lililonuka ufalme. Seneta Brutus na wenzake walimuua. Miaka miwili baadaye, akiwa na jeshi lake mashariki, Brutus alifua dinari yenye majambia mawili na, katikati yake, kofia ya mtumwa aliyeachwa huru. Chini pameandikwa EID MAR, yaani tarehe 15 Machi, siku ya mauaji. Ukiigeuza, unakutana na sura ya Brutus mwenyewe, naye yu hai. Kosa lililompeleka Caesar kaburini amelirudia muuaji wake.

Marcus Antonius, jemadari mwingine wa Roma, hakuhubiri uhuru. Dinari zake za mwaka 32 na 31 KK zina merikebu ya makasia upande mmoja. Wa pili una tai wa jeshi na namba ya legioni, kila kikosi na yake. Fedha yake ilikuwa na mchanganyiko mwingi, hivyo watu waliona afadhali kuzitumia hizo na kuficha zilizo safi. Antonius alishindwa katika vita vya Actium mwaka 31 KK. Dinari zake zilizunguka sokoni kwa zaidi ya miaka 200, na nyingi zimelika hata merikebu haionekani tena.